Leni Ikifungwa, Kodi Yake Analipa Nani?

Kuna kitu kimoja sijawahi kuona kwenye bango la ujenzi wa barabara, na mimi husoma hayo mabango sana, kwa sababu ukikaa kwenye mathree dakika arobaini bila kusonga hakuna kingine cha kusoma. Bango litakuambia jina la mradi, mamlaka iliyotoa kazi, mwanakandarasi, mhandisi, wakati mwingine hadi benki iliyokopesha. Halikuambii ile leni waliyofunga inagharimu pesa ngapi kwa siku, na ni nani anailipia.

Wasee wengi hudhani hiyo kitu haihesabiki. Jam ni jam, kama mvua, unangoja tu iishe. Lakini kuna nchi zilikaa chini zikapiga hesabu, zikaiandika ndani ya kandarasi, na ghafla wanakandarasi wakajifunza kukimbia. Hiyo historia ni ya miaka kama arobaini, na imepitia Uingereza na California kabla itufikie sisi hapa Mlolongo. Nimekuwa nikiisoma kwa muda na naona tumeletewa nusu yake tu.

Tuanze na njia ya kawaida. Serikali inachora barabara, inatangaza zabuni, kampuni zinaleta bei, na mwenye bei ya chini anapewa kazi. Sheria yetu ya ununuzi wa umma ya 2015 inasema hivyo hivyo ukiisoma: bei ya chini kabisa baada ya tathmini. Inasikika poa. Pesa ni ya umma, kwa nini tulipe zaidi?

Sasa chukua mfano. Kampuni ya kwanza inasema itapanua barabara kwa bilioni moja, miezi 24. Ya pili inasema bilioni moja na milioni mia, miezi 14. Kwa karatasi ya kwanza imeshinda, na serikali imeokoa milioni mia. Lakini ile miezi kumi ya ziada haijapotea hewani. Imehamishiwa kwa watu wa barabarani.

Twende kwa mathree moja tu. Ya watu 14, nauli soo. Siku ya kawaida dere anapiga raundi sita, yaani safari kumi na mbili ukihesabu kwenda na kurudi. Leni ikifungwa anapiga nne. Safari nne zimeenda, mara abiria 14, mara mia: 5,600 kwa siku moja, gari moja. Na bado hujaweka dizeli inayochomeka gari ikiwa imesimama, wala klachi inayoisha kwa kuvuta mita mbili mbili. Jioni mwenye gari anataka hesabu yake ile ile, yeye hana habari ya daivasheni. Kwa hivyo ama dere na konda wanaenda nyumbani na mia mbili kila mmoja, ama wewe unaambiwa leo ni soo na hamsini. Na uliza dereva yeyote wa teksi za simu: yeye anatafuta kilomita, si dakika. Kama gari ni la mkopo, mkopo haujui kuna jam.

Zidisha hiyo kwa magari yote ya barabara moja, kwa miezi kumi. Ile milioni mia iliyookolewa inaanza kuonekana kama mzaha.

Waingereza ndio walichoka mapema. Barabara zao kuu za kasi zilianza kujengwa mwisho wa miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 zilikuwa zimechakaa, zinahitaji ukarabati huku magari yamejaa. Huwezi kukarabati bila kufunga. Kwa hivyo wakaja na wazo la mwenye nyumba: leni ni yetu, ukitaka kuitumia kuweka vyuma na koni zako, lipa kodi. Kodi ya kila siku. Ukimaliza mapema unabaki na pesa, ukichelewa kodi inakula faida yako. Hakuna mtu aliyehitaji kumpigia mwanakandarasi kelele tena. Koni ambayo haina mfanyakazi nyuma yake ilikuwa inamgharimu yeye mwenyewe.

(London ilirudia wazo hilo mwaka 2012 kwa kampuni zinazochimba barabara kuweka mabomba na nyaya: hadi pauni 2,500 kwa siku kwenye barabara zenye shughuli zaidi. Fikiria tu hiyo Nairobi, venye tunachimbuliwa lami mpya wiki mbili baada ya kuwekwa ndiyo mtu apitishe waya.)

Wamarekani nao walianza majaribio yao rasmi mwaka 1990. Mamlaka ya barabara kuu ya serikali yao kuu ilifungua mpango ulioitwa SEP-14, majimbo yakaruhusiwa kujaribu aina za kandarasi ambazo kanuni za kawaida hazikukubali. Kodi ya leni ilikuwa moja. Nyingine ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu ni rahisi hadi inauma. Kila kampuni inaleta namba mbili: A ni pesa ya kazi, B ni siku itakazotumia. Serikali tayari imehesabu siku moja ya usumbufu ni pesa ngapi kwa watu wa barabara hiyo: magari mangapi hupita, kila moja linapoteza dakika ngapi, saa ya mtu ina thamani gani, mafuta yanayochomeka ni kiasi gani. Inazidisha siku zako kwa hiyo bei, inajumlisha na A, na mwenye jumla ndogo ndiye anashinda. Analipwa A yake tu. Lakini zile siku alizosema zinakuwa ahadi, na akizipita anakatwa.

Rudi kwa kampuni zetu mbili. Tuseme usumbufu wa siku moja umehesabiwa kuwa laki tano. Kampuni ya kwanza, siku kama 720, inaongezewa milioni 360. Ya pili, siku 420, inaongezewa milioni 210. Sasa jumla ni bilioni 1.36 dhidi ya 1.31, na kazi inaenda kwa yule wa haraka. Barabara ni ile ile, sheria ya bei ya chini ni ile ile, ila sasa dere amewekwa ndani ya hesabu.

Kufikia 1995 njia hizo mbili zilitolewa kwenye orodha ya majaribio, zikawa za kawaida. Lakini mwaka mmoja kabla ya hapo ndipo dunia ilipoziona.

Januari 17, 1994, saa kumi na nusu alfajiri, tetemeko la ardhi la 6.7 lilipiga Northridge, Los Angeles. Kati ya vilivyoanguka ni sehemu mbili za barabara ya Santa Monica, iliyokuwa ikibeba karibu magari 300,000 kwa siku. Hesabu iliyotumiwa wakati huo ilisema mji unapoteza kama dola milioni moja kila siku ikiwa imefungwa. Kampuni ya C.C. Myers ikachukua kazi kwa dola milioni 14.9, siku 140. Na mkataba ulikuwa na sentensi moja tamu na kali: kila siku utakayomaliza mapema, dola 200,000 zako, kila siku utakayochelewa, dola 200,000 zetu.

Walimaliza kwa siku 66.

Siku 74 kabla ya muda. Kazi ilienda usiku na mchana, taa kubwa, zamu juu ya zamu. Bonasi ikawa dola milioni 14.8, karibu sawa na bei ya kazi yenyewe. Kulikuwa na watu waliokasirika, na ninawaelewa, kwa sababu ukiitazama hivyo ni kama umemlipa fundi mara mbili kwa ukuta mmoja. Lakini siku 74 mara milioni moja ni milioni 74. Jiji lilinunua siku zake kwa bei ya jioni.

Myers akarudi 2007. Aprili 29 lori la petroli lilianguka na kushika moto kwenye makutano makubwa ya Oakland, yale wanayaita MacArthur Maze, moto ukalainisha vyuma hadi barabara ya juu ikaangukia ya chini. Wahandisi wa jimbo walikadiria ukarabati kuwa zaidi ya dola milioni 5. Yeye akaleta bei ya dola 867,075. Hapana, sijakosea namba. Alijua kuna bonasi ya 200,000 kwa siku, mwisho milioni 5, na alikuwa amepanga kula hiyo bonasi, si bei. Vyuma vikaundwa Arizona, vikaletwa kwa malori, na Mei 24 magari yakapita. Siku 26 tangu moto. Bonasi yote akachukua.

Lakini usidhani ni mbio tu. Mwaka huo huo, Agosti 1, daraja la I-35W kule Minneapolis lilianguka likiwa na magari juu yake, watu 13 wakafa. Kazi ya kujenga jipya ilienda kwa kampuni iliyotoa bei ya juu kuliko wenzake, dola milioni 234. Kampuni zilipewa alama kwa ubora wa mchoro na mpango wa kazi, si bei peke yake. Mchoraji na mjenzi walikuwa timu moja, kwa hivyo hakukuwa na ile tabia ya mjenzi kungoja mchoro na mchoraji kumlaumu mjenzi. Daraja likafunguliwa Septemba 2008, miezi mitatu kabla ya muda.

Haya, turudi nyumbani.

Thika Road ilianza kujengwa mapema 2009, ikafunguliwa rasmi na Mwai Kibaki Novemba 2012. Kilomita 50, zaidi ya shilingi bilioni 30, mikopo kutoka Benki ya Maendeleo ya Afrika na benki ya Exim ya China, kampuni tatu za Kichina zikagawana vipande. Ilikuwa njia ya kawaida niliyoeleza pale juu: serikali inalipa, mwanakandarasi anajenga. Ilitakiwa iishe 2011. Mimi sina shida na barabara yenyewe, waulize watu wa Juja na Githurai maisha yalikuwaje kabla. Ila ilipofunguliwa, baadhi ya madaraja ya wanaotembea kwa miguu yalikuwa bado. Magari yakapewa leni nane, mtu wa miguu akapewa mbio. Ukiangalia vizuri hiyo pia ni kandarasi inaongea: kile kilichopewa bei na tarehe kubwa ndicho kilichomalizwa.

Halafu ikaja Expressway. Hii ni mkataba wa aina nyingine kabisa. Kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, takriban dola milioni 668, na serikali haikumlipa mwanakandarasi. Kampuni ya Kichina, CRBC, ilileta pesa, nayo inajirudishia kwa kukutoza wewe kwa miaka 27 ya kuiendesha. Angalia vile saa imebadilika mikono. Kwa njia ya kawaida kila siku ya kuchelewa inaumiza dere. Hapa kila siku ya kuchelewa ni siku ya ada ambayo kampuni haijakusanya. Na kweli walikimbia: kazi ilianza mwishoni mwa 2020, na Mei 2022 magari yalikuwa juu.

Lakini walikimbilia juu. Mkataba wa namna hiyo unampa mjenzi kila sababu ya kufungua barabara yake haraka, na sababu ndogo sana ya kuacha ile ya chini ipitike wakati anajenga. Watu wa Mombasa Road na Waiyaki Way walikaa kwenye leni zilizobanwa karibu miaka miwili, na usumbufu wao haukuwa na mstari kwenye hesabu ya yeyote. Mti mmoja wa mugumo pale Waiyaki Way ulipata agizo la rais la kuuokoa, Novemba 2020. Sisemi ubaya wa mti, ni mti mzuri. Nasema tu mti ulipata wakili.

Na sasa ndiyo tunafika kwa sehemu inayonikosesha usingizi, kwa sababu jibu rahisi lingekuwa: tuchukue ile A na B ya Wamarekani, tuongeze bonasi, tumalize. Nimeona wasee wakiandika hivyo. Haitafanya kazi kwetu kama ilivyo, na si kwa sababu ya ufisadi pekee, ingawa huo nao upo. Bonasi ni rahisi kuiba: unaandika siku 400 kwa kazi ya siku 200, halafu jamaa yako anamaliza kwa 250 na mnagawana asante ya taifa.

Shida kubwa ni nyingine. Myers alikimbia kwa sababu alijua cheki itaingia. Kandarasi zetu tayari zina kipengele cha faini kwa anayechelewa. Zimekuwa nacho miaka yote. Lakini mikataba hiyo pia inasema mwanakandarasi asipolipwa kwa wakati anaweza kupunguza kasi, anaweza kusimamisha kazi kabisa, anaongezewa muda, na deni lake linazaa riba. Ni haki yake, hata wewe usipolipwa utaondoka. Kwa hivyo serikali ikikosa kulipa, ile faini inalala. Huwezi kumkata mtu kwa kuchelewa wakati wewe ndiye uliyemchelewesha. Mashine zinaegeshwa, walinzi wawili wanabaki, koni zinabaki, na wewe unabaki.

Hiyo si nadharia. Madeni ya barabara ambayo serikali haikuwa imelipa yalifika shilingi bilioni 175. Miradi ikasimama kote nchini, mingine barabara ikiwa imechimbuliwa tayari na vumbi linaingia kwa maduka. Ili kulipa, mwaka 2025 serikali ilichukua sehemu ya ushuru wa kutunza barabara na kuiweka dhamana ili ipate pesa mara moja. Ushuru huo ni shilingi 25 kwa kila lita ya mafuta; ulipandishwa kutoka 18 mnamo Julai 2024. Zile 7 zilizoongezwa ndizo zilizowekwa dhamana.

Piga hesabu ya dere wetu tena. Akiweka lita 20, ushuru wa barabara ni 500. Kati ya hizo, 140 zinaenda kwa madeni ya kandarasi zilizochelewa. Yaani alilipia ile barabara alipokuwa amekwama kwenye daivasheni yake, kwa raundi mbili alizopoteza kila siku, na sasa anailipia tena kwenye pampu, na ndani ya hayo madeni kuna riba ya kungoja. Ile pesa ya kutunza barabara ilikuwa ya kuziba mashimo.

Kwa hivyo mimi ningeanza na kitu kidogo kuliko bonasi. Kabla zabuni haijatangazwa, pesa ya kazi yote iwe imetengwa na isiguswe, na bei ya leni moja iliyofungwa kwa siku moja iandikwe kwa kandarasi, ikikatwa pande zote mbili. Mwanakandarasi akilala, anakatwa yeye. Serikali ikikosa kumlipa, ile bei ya leni inatoka kwa bajeti ya wizara na inaandikwa wazi kwenye ripoti ya mkaguzi mkuu, jina la barabara na idadi ya siku. Waheshimiwa wakisoma kwamba leni moja pale fulani imekula milioni mia moja bila hata jiwe kuwekwa, labda watapunguza kuzindua barabara ambazo hazina pesa. Tuna barabara nyingi zimezinduliwa. Tunazopita ni chache.

Na hii inakuja haraka kuliko tunavyodhani, kwa sababu ya Rironi hadi Mau Summit. Kilomita 175 za njia ya kwenda magharibi, ile ambayo kila Desemba inageuka maegesho. Mkataba wa kwanza wa kuipanua ulitiwa sahihi Paris mwaka 2020 na kampuni za Kifaransa. Ukakaa. Ukavunjwa 2025, ukaandikwa mwingine na CRBC pamoja na hazina ya NSSF, na kazi ikazinduliwa Novemba mwaka huo. Miaka mitano kati ya sahihi moja na kazi kuanza, na muda wote huo malori yalikuwa yanapitana kwa leni moja kila upande, na watu walikuwa wanakufa wakijaribu kuyapita.

Ada iliyotangazwa ni shilingi 8 kwa kilomita kwa gari dogo. Njia nzima ni 1,400, kwenda tu. Hiyo ni bei ya kuitumia ikiisha. Lakini ni mkataba wa ada kama Expressway, kwa hivyo mjenzi ana haraka ya kumaliza, na swali ni nini kinamfanya aache nafasi ya kupita wakati anajenga. Ukienda shags Desemba hii na ukwame pale Kikopey, kabla ushuke ununue nyama, angalia ndani ya ile leni iliyofungwa. Hesabu watu wanaofanya kazi humo. Kama ni sifuri, piga picha, weka tarehe, na uniandikie ulikaa hapo dakika ngapi. Nataka kuanza kuijumlisha.